Mji wa Bibi Kanta

Harufu ya kiungo cha mvuje kikikaangwa kwenye samli hunipandisha hasira mpaka leo. Wengine ikiwafikia hushikwa na njaa. Mimi ikinikuta pale dukani Queensbury, hapa London, hukunja uso, hadi mwenye duka hudhani nimechukia bei zake. Si bei, ndugu msomaji. Ni neno nililolisema nikiwa mtoto, mbele ya watu, likapewa mwingine.

Mama alikuwa nesi, na zamu zake hazikujali kengele ya shule. Alasiri nililelewa na jirani yetu Bibi Kanta, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, mji uleule wa mama. Siku walipojuana mlangoni walianza kwa Kiingereza cha adabu, kisha mmoja akataja samaki wa ziwani, na Kiingereza kikaishia hapo. "Kitoto yangu, kuja kula," Bibi Kanta aliniita kila siku. Nilimjibu kwa Kiingereza kama watoto wote wa London, lakini hakuna neno lake lililonipita.

Akisubiri dengu ziive, aliimba vitendawili. Vilikuwa mashairi ya Kisanskriti aliyofunzwa na babake, mistari minne minne, naye akigonga mapigo yake kwa upawa kwenye ukingo wa sufuria. Halafu alinipa maana yake kwa Kiswahili. Ana mguu mmoja, wala si mtawa anayesali. Ana mbavu tele, wala hana moyo. Hukaa juu ya kichwa cha mfalme, wala si taji. Hulowa ili wewe usilowe, wala si mamako. Nilipogundua kwamba ni mwavuli, alinitia kipande cha sukari guru mdomoni.

Hakuna aliyeniambia kwamba mashairi hayo na vitendawili vya mama havikuzaliwa nyumba moja. Jikoni mwa Bibi Kanta vililala kitanda kimoja. Kabla ya kuimba alisema, "Kitendawili!" nami nikaitikia, "Tega!" Nikishindwa alidai mji, nikampa Nairobi au Wembley. Akishindwa yeye na vile vya mama, alinipa London nzima bila kusita. Mji mmoja tu aliukatalia.

"Kisumu sitoi. Omba ingine."

Niliona ni uchoyo tu.

Mwaka huo ukumbi wa jamii ya Wahindi ukatangaza mashindano ya watoto ya vitendawili vya Kisanskriti. Bibi Kanta akaniandikisha na kunishonea gauni, mama akabadilishana zamu ili aje. Nilitaka kitu kimoja tu: kupanda jukwaani Bibi Kanta akinitazama. Mwamuzi, mzee aliyeheshimiwa sana, akavuta pumzi aanze kuimba, nami nikapaza sauti, "Tega!"

Ukumbi mzima ukacheka. Na wacheke, hata leo sioni kosa langu. Mtu anataka kutega, asiitikiwe? Mwamuzi hakucheka. Akaimba, na kumbe ni kile cha mwavuli. Nikainua mkono, nikatoa jibu kwa Kisanskriti kama alivyonifunza Bibi Kanta, wazi kabisa. Akatazama juu ya kichwa changu.

"Any of our own children?" akauliza, yaani hakuna mtoto wa kwao anayejua?

Mvulana wa safu ya pili akarudia neno langu. Neno langu! Akapigiwa makofi, akaitwa jukwaani, akapewa zawadi.

Bibi Kanta akasimama. "Wewe mwalimu, huyu mtoto amesema kwanza! Masikio yako iko wapi?"

Alisema kwa Kiswahili, makusudi, maana nusu ya wazee mle walitoka Nakuru, Kampala na Dar, na walimwelewa vizuri. Wote wakatazama viatu vyao. Mwamuzi akamjibu taratibu kwamba huu ni urithi wetu, dada, tukiugawa tutabaki na nini? Huyo angalau alisema lake. Ninaowachukia hadi leo ni wale wa viatu.

Nilirudi nikilia. Bibi Kanta akabandika dengu, mvuje ukanuka, kisha akaketi mbele yangu.

"Leo mimi nimeshindwa," akasema. "Chukua Kisumu."

Nikamwambia kwamba Kisumu ni ya mama, kwa hiyo ninayo tayari. Nataka zawadi yangu. Hakunikemea. Alinipakulia dengu.

Bibi Kanta alikuwa amekwisha fariki siku mama aliponisimulia. Babake Bibi Kanta alifungiwa duka Kisumu, akaambiwa mji si wake, aende kwao. Majirani wa miaka mingi, watu wetu, walisimama kando ya barabara wakimtazama akipakia mizigo, na hakuna aliyefungua mdomo. Bibi Kanta wakati huo alikuwa msichana. Mji walionyang'anywa aliubeba hadi London, asiutoe hata kwa mchezo, mpaka siku watu wake waliponiambia mimi, mtoto wa majirani wale, kwamba neno si langu.

Sasa wanangu hunitegea. Nikishindwa, huwapa London, Nairobi, hata Mombasa. Kisumu sitoi.