Mtoto Aliyesema Amemzaa Baba Yake

Malaba, saa mbili asubuhi. Malori yamepanga foleni, na Benedetta Nerima anapita kando yake na kapu la wanasesere, vikombe na picha.

"Dada, leo unauza nini?" dereva mmoja anamuuliza.

"Nauza maswali, boss. Lakini wewe umepita umri."

Nerima ana miaka arobaini na sita, kwao ni Mundika. Huwatembelea watoto wadogo kwa niaba ya watafiti wanaotaka kujua jinsi watoto wa jamii mbalimbali wanavyojifunza kufikiri na kuishi na wenzao. Hulipwa shilingi 1,200 kwa siku, na kuna miezi ambayo kazi haipo kabisa.

Leo amemfuata Anyait, mtoto wa miaka minne anayeishi na baba yake na bibi yake mzaa mama, Mama Apolot, nyuma ya gesti moja. Nerima amekuja mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakufungua kinywa. Majirani wameshaanza kusema ana akili nzito.

"Akinyamaza tena, watasema ni kweli," Mama Apolot ananong'ona, huku akimfutia mgeni kigoda kwa leso yake.

Nerima anashukuru, lakini anaketi mkekani, ili asimzidi mtoto kimo. Nje, yule dereva, ambaye lori lake limesimama kando ya gesti, anaona hawasikiani kwa kelele, anazima injini bila kuombwa.

"Baba yako anaitwa nani?"

"Omagor." Sauti ni ndogo, lakini imetoka.

"Na Omagor alizaliwa na nani?"

"Mimi."

Mama Apolot anajifunika uso. Kwa watafiti, hilo ni kosa. Ila Nerima hana haraka.

"Ulimzaa lini, mama?"

"Zamani. Akitoka kazi anasema, 'Mama, umeshindaje?' Namwambia, 'Nawa mikono kwanza.'"

Bibi anaangua kicheko mpaka leso inaanguka. "Lakini ni kweli! Amepewa jina la marehemu mama yake Omagor. Huyu si mjukuu tu, ni mkwe wangu, aliyemzaa mume wa binti yangu. Siku zingine hata namwogopa."

Nerima naye anacheka. "Na kwetu ndugu yangu humwita mwanawe baba. Hata hivyo nilikuwa karibu kumhesabia kosa huyu."

Anampigia simu msimamizi wake, Mulama, ambaye anasikiliza hadi mwisho. "Andika vile amesema, na uandike sababu," anamwambia. "Hilo swali tutalibadilisha."

Mama Apolot hangoji simu ikatwe. Ameshafika uani kwa jirani. "Umesikia? Mtoto wangu si mzito. Mlikuwa mnamuuliza kama mtoto."

Mwakani Nerima anataka kusomea ualimu wa chekechea, ili siku moja atunge maswali badala ya kuyabeba tu kapuni.

"Kesho niko Butula," anasema. "Kabla sijamuuliza mtoto yeyote baba yake alizaliwa na nani, nitauliza kwanza yeye mwenyewe ni nani."