Wifi Yangu na Salamu ya Taichi

Sihaba ni wifi yangu, kwa hiyo nikimtania humu msinishangae. Ni haki yangu. Kazi yake ni kuwafanyisha mazoezi wagonjwa wa viungo katika kituo kimoja cha afya hapa Bagamoyo. Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam wiki mbili pamoja na wauguzi wenzake, wakafundishwa taichi: mazoezi ya Kichina ya polepole, ya kumsaidia mtu asimame imara tena baada ya kiharusi au kuanguka. Akarudi anapunga mikono uani kama anayefukuza kuku kwa adabu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lakini cheti cha ualimu hakupewa. Sharti lilikuwa afundishe wazee wiki kumi na mbili, kisha mkaguzi aje. Akikuta wanafunzi pungufu ya wanane, au mwalimu hajui kazi, cheti hakuna na darasa linafungwa. Sihaba alilitaka darasa lile kwa moyo wote. Alikuwa amechoka kuona wagonjwa wake wakipona nusu, kisha wakienda kuanguka msalani.

Siku ya kwanza walikuja kumi na wawili. Wifi yangu, hodari wa kufuata kila alichoambiwa, akawapanga, akabana ngumi kwenye kiganja, akawaagiza wamwinamie mwalimu, ndiyo salamu ya taichi aliyofundishwa. Wazee wa watu, waliomwona akizaliwa! Mzee Abdulwahab, mshona kanzu mstaafu ambaye kiharusi kilimlegeza mguu wa kushoto, akasema, "Mwanangu, mgongo huu huinama kwa Mola peke yake." Akashika mkongojo wake akaondoka, na wenzake wote nyuma yake. Kufika alasiri, mtaa mzima ulishajua kwamba Sihaba anaswalisha watu Kichina.

Alilia. Nami, badala ya kumtuliza, nikamwambia kayataka mwenyewe. Naona haya nikikumbuka.

Kesho yake akajitanda, akaenda nyumba hadi nyumba kuomba radhi. Nilimsindikiza kwa umbea tu. Kwa Mzee Abdulwahab akapiga hodi, akaamkia, akakaa mkekani.

"Baba, nimekosa adabu. Nimeshika la wageni, nikasahau la kwetu."

"Na ukiondoa kuinama, kinabaki nini?"

Sihaba akainuka, akamwonyesha: uzito kwenye mguu huu, kisha taratibu kwenye ule. Mzee alimtazama kwa jicho la fundi anayekagua mshono.

"Haina papara," akasema. "Nitakuja."

Alipokuja yeye, wakaja wote, na wawili wa ziada. Tangu siku hiyo Sihaba akawa anafungua darasa kwa kuweka mkono kifuani na kuwaamkia wazee wake, nao wakiitikia, mikono vifuani.

Wiki ya kumi na mbili mkaguzi akafika, Dokta Samia, mama mkavu wa maneno, na fomu mkononi. Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa juu ya salamu ile ile: ngumi kwenye kiganja, kuinama. Sihaba alilijua. Hata hivyo akaweka mkono kifuani.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu!" Sauti kumi na nne.

Dokta akaandika kitu.

Wakafanya mazoezi yote, hakuna aliyeyumba. Walipomaliza, Dokta akasema, "Mwalimu, salamu ya kufungua hukuifanya."

"Sikuifanya, Dokta. Ningeifanya, leo ungekagua viti vitupu."

Kabla mkaguzi hajajibu, Mzee Abdulwahab akasogea mbele. Mkongojo akampa jirani yake. Akainua mguu wa kulia, akabaki amesimama kwa ule wa kushoto, ule wa kiharusi. Nilihesabu mpaka kumi na saba. Miezi mitatu nyuma mtu huyo alikuwa akishikwa mabega ili avae kiatu.

"Andika na hili," akasema.

Dokta Samia alimtazama, akalifuta swali la kwanza kwa mstari mmoja, akaandika jingine juu yake. Akamgeukia Sihaba. "Mwezi ujao nina wauguzi kumi na wanane, kutoka Fukayosi mpaka Saadani. Nao watakwenda kufundisha wazee. Hao utawafundisha wewe, na uanze na salamu hii."

Wifi yangu alifunika uso kwa mtandio. Mimi nikapiga kigelegele palepale, mbele ya mkaguzi na fomu yake, na wale wazee wakanipokea.