Machela Tuliyoigawana kwa Vyama

Nilifunga safari kwa sababu ya kufuli. Lilikuwa limening'inia kwenye mlango wa ofisi ya kijiji chetu, huku Bukiriro, tangu mavuno ya maharage. Chama changu kilitaka sheria ndogo ya kila kaya kuchangia zahanati. Chama cha pili kikasema kwanza wajane na wazee wasamehewe. Wao wakasusia vikao vya halmashauri ya kijiji, sisi tukazira, akidi ya wajumbe ikakosekana, ofisi ikafungwa. Chumba cha kujifungulia tulichokijenga kwa mikono yetu kikabaki kitupu. Tukagawana hata machela ya kubebea wagonjwa: miti miwili ikaja kwetu, tenga la kumlaza mtu likaenda kwao. Na binti yangu Edina alikuwa mjamzito, miezi tisa kasoro siku chache!

Jumapili, baada ya ibada, katekista akasema kuna kijiji huko Nyamigogo, Biharamulo, kina vyama viwili kama sisi ila sheria yake imepita. Akatuteua watu wawili tukaone: mimi, na shemeji yangu Bibiana, mdogo wa mke wangu, mjumbe mkali wa chama cha pili.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka kwa bodaboda mbili, maana alikataa kupanda moja na mimi. Tulipofika Lusahunga njaa ikauma. Yeye alikuwa na viazi, mimi nilikuwa na maji. Kiazi kikamkwama kooni, akanyoosha mkono bila kunitazama. Nilicheka hadi nikajimwagia maji kwenye koti la kanisani.

Saa sita mchana, Nyamigogo. Mwenyekiti wao, Mzee Swedi, alikuwa mzito kama magunia mawili ya mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja kufuata sheria yetu? Basi nibebeni."

Nilidhani anatania. Kumbe huo ndio utaratibu wao: ajenda ya afya haijadiliwi mpaka wajumbe wa vyama vyote wazunguke uwanja na mtu kwenye machela, chama kimoja mbele, kingine nyuma. Mzee akajilaza, tukamwinua. Bibiana akavuta kushoto, mimi kulia, mwenyekiti akatua kwenye shamba la maharage. Kijiji kizima kilicheka, na yeye kuliko wote.

"Tena!" akaamuru.

"Shemeji, taratibu basi," Bibiana akanifokea. "Tuanze na mguu wa kulia."

Tukazunguka salama. Mzee alikuwa anaimba huko juu.

"Na sheria yenyewe inasemaje?" nikauliza huku nahema.

"Kila kaya inachangia, na wajane na wazee wanasamehewa. Kuyapata hayo mawili kulitugharimu mizunguko mitatu."

Bibiana akanitazama. Tukaona aibu, kisha tukacheka tena.

Saa nane mke wangu akapiga simu. "Edina ameshikwa na uchungu! Gari hakuna!"

Nikawapigia wenzangu watoe miti, Bibiana akawapigia wa kwake watoe tenga. Safari hii tulipanda bodaboda moja, kila mtu akipiga kelele kwenye simu yake.

Jua likizama tulifika kituo cha afya cha jirani na kijiji chetu. Machela ilikuwa inateremka kilima, wajumbe wa vyama vyote wakiwa wamelowa jasho na wanabishana nani akae mbele.

"Jamani, twendeni!" Edina alifoka kutoka kwenye tenga. "Mtagombana baadaye!"

Muuguzi akampokea, sisi tukakaa kwenye nyasi. Mtendaji wa kijiji, ambaye naye alikuwa amebeba, akatuhesabu kwa kidole. Akarudia.

"Akidi imetimia," akasema.

Hakuna aliyeinuka. Nani angeondoka na Edina yuko mle ndani? Bibiana akatoa hoja ya kina Mzee Swedi, mimi nikaunga mkono. Mikono yote ilikuwa juu mtoto alipolia. Nilimkumbatia shemeji mbele ya vyama vyote!

Kesho yake tulimrudisha Edina na mjukuu wangu kwa machela ileile, tukapita moja kwa moja hadi ofisini. Nimejifunza kwamba miti bila tenga haibebi mtu. Nimejifunza na jingine: kufuli tulilivunja kwa nyundo, kwa sababu miezi yote ile kila chama kilikuwa na hakika kwamba ufunguo uko kwa chama kingine.