Mafuta Hayajatulia

Sifa ni kwa Mungu, aliyenipandisha juu ya matangi ya petroli miaka mingi na kunishusha mzima kila jioni. Bila Yeye nisingekuwa na mkono wa kuandika haya. Nayaandika kwa vijana wa parokia yetu, ambao kila Jumapili wananiuliza kama habari za mafuta wanazopokea kwenye simu ni za kweli.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Bukavu, jeran wa depo, yaani msimamizi wa ghala la mafuta, alinikabidhi joji. Ni fimbo ndefu yenye alama, ambayo mpimaji huishusha tangini kupitia mdomo wa juu, kisha husoma pale unyevu ulipoishia. Lori lilikuwa ndiyo kwanza limemaliza kumwaga, nami nikapanda ngazi mbio. Jeran akaniita nishuke. "Mugeni ametoka safari," akasema, "unamuuliza habari na hajakaa?" Ndipo nikajifunza kutuliza mafuta. Petroli ikimwagwa huchafuka. Maji na takataka za njiani huzunguka humo, nawe huna budi kuzipa nafasi zizame, kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli. Halafu unapaka dawa ya kupimia kwenye ncha ya joji. Ikigeuka nyekundu, kuna maji. Unayatoa kwa koki ya chini, unangoja, unapima tena.

Baadaye nilihamishiwa Uvira, kwenye joto la bondeni. Mkaguzi mkuu wa huko alinifundisha kwamba mafuta hupanuka kwenye joto na kusinyaa kwenye baridi, hivyo lori likipanda hadi Bukavu husomeka pungufu hata kama dereva hajagusa tone. Madereva wengi wameitwa wezi kwa ajili ya baridi ya milima yetu. Niliporudi Bukavu nikawa mkuu wa wapimaji, na ni mwaka wangu wa mwisho pale ambao bado unanikosesha usingizi.

Mwaka huo benki zilikuwa zimefunga milango. Upande wetu wa nchi, mafuta yote huja kwa malori kutoka bandari za mashariki, na hulipwa kwa dola. Dola zilipokosekana, malori yakakwama mpakani. Pampu zikakauka, na simu zikajaa sauti za watu wasiojulikana: mafuta yapo, wanayaficha, mafuta ya siku hizi ni maji, kesho mpaka unafungwa kabisa. Kule mtaani Kadutu watu waliweka bidoni, yaani madumu, za petroli chini ya vitanda vya watoto wao. Nilikuwa nikisali rozari, mawazo yakikimbilia majiko ya makaa yaliyo karibu na bidoni hizo.

Kisha asubuhi moja lori likafika, mvua ikinyesha. Lilipomaliza kumwaga, wamotari, waendesha pikipiki za abiria, walikuwa wameshajaa getini. Nikapaka dawa, nikashusha joji. Ikarudi nyekundu. Mfuniko wa lori ulikuwa umepasuka njiani, mvua ikaingia.

Shefu wa depo, kijana msomi na mwenye roho nzuri, akataka tuuze hivyo hivyo. "Muzee, hawa batu bakivunja geti, sigara moja tu, sisi wote tunaungua."

Hakuwa mjinga, hatari ile ilikuwepo kweli. Nikamjibu kwamba tukiuza, pikipiki zitazimika kwenye mlima zikiwa zimebeba akina mama na watoto mgongoni, na ule uongo wa maji tutakuwa tumeugeuza ukweli kwa mikono yetu. Akatembea huku na huku. Mwishowe akaniuliza nataka nini. Nikamwomba amruhusu rais wa wamotari, kiongozi wa chama chao, aingie.

Rais huyo aliitwa Tonton Déo, yaani Mjomba Déo, mtu mzima mwenye koti la ngozi lililochanika. Nikampandisha juu ya tangi, nikampa joji aishushe mwenyewe. Alitazama ile rangi, akanusa. Aliposhuka akawaeleza wenzake kwamba mafuta yapo ila hayajatulia, wangoje hadi mchana.

"Tonton, bamekupa bidoni ngapi?" mmoja akauliza, na geti zima likacheka. Mwingine akasema tumbo la rais limekua tangu apande ngazi.

Déo hakukasirika. Akasukuma pikipiki yake hadi mwisho kabisa wa mstari, akafungua mfuniko, akaitikisa wasikie ilivyokuwa tupu.

"Miye nitakuwa wa mwisho," akasema. "Mukiniona natia mafuta mbele yenu, munipige."

Kicheko kikapungua. Mmoja akakaa, na wengine wakakaa. Nikarudi tangini, nikatoa maji, nikangoja, nikapima, nikatoa tena. Shefu hakuacha kutazama geti. Mchana dawa ikarudi bila kubadilika rangi, tukafungua pampu.

Mstari ulisogea bila ugomvi, lakini watu walikuwa wengi kuliko mafuta. Pampu ilianza kuvuta hewa wakiwa wamebaki wachache. Hao wakapata kidogo kidogo. Déo hakupata kitu. Nilitamani kumtolea hata chupa moja, lakini chini ya bomba la kunyonya hubaki tope tu.

"Bya kweli, Papa, mafuta haiko tena," akasema, akafunga mfuniko wake. "Leo nitaenda na miguu."

Nikamwona akiisukuma kuelekea Kadutu. Yule aliyemuuliza habari za bidoni akampita, akasimama mbele kidogo, akazima mashine yake, akarudi kumsaidia kusukuma.

Kesho yake simu zikasema Déo alijaziwa tangi kwa mlango wa nyuma. Nimestaafu, na hadi leo wapo wanaonieleza hivyo usoni, nje ya kanisa. Huwa nawajibu kwamba tangi la depo nililipima jioni kwa mkono wangu, halikubaki kitu ila tope, na mtu yule alikwenda kwa miguu. Wengine wanakubali. Wengine wananitazama kwa huruma, kama mzee aliyesahau. Hapo moyo wangu haupati raha, lakini namshukuru Mungu kwamba nilikuwepo na niliona.

Wewe unayesoma, Bwana akupe subira ya kungoja hadi ujue, na siku ukweli utakapokuacha mikono mitupu mbele ya mlima, akuletee mtu wa kusukuma pamoja nawe. Amina.