Mvua ya Mawe Juu ya Mabati Mapya

Asiyeishi huku kwetu juu, upande wa Ikonge, hajui mlio wa mvua ya mawe juu ya mabati. Huanza kwa punje chache, kama mtu anayerusha mahindi juu ya paa kwa mzaha, na kabla hujawaingiza kuku ndani, mbingu inamwaga gunia zima. Ndani ya nyumba mwenzako hufungua mdomo ukaona meno tu. Miaka ya sitini ilipokuwa ikielekea mwisho, nyumba yetu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuezekwa mabati kwenye kilima chetu, baada ya majani chai ya baba kuanza kununuliwa. Nyanya, mama yake baba, hakuyapenda hata kidogo. Alisema nyasi zilimwacha mtu alale, lakini sasa mwanawe amemhamishia ndani ya ngoma. Aliyeyapenda kuliko sisi sote ni mdogo wangu Ombati, mtoto wa miaka minne. Punje za kwanza zikigonga tu, aliziba masikio na kukimbia akizunguka chumba, akipiga kelele, "Amagena! Amagena!" yaani mawe, akicheka mpaka kwikwi inamshika.

Mimi ndiye niliyekuwa mlezi wake. Kwetu msichana wa umri wangu, miaka kumi hivi, alikabidhiwa mdogo wake akamfunga mgongoni kwa leso, akamtembeza mama alipokuwa shambani akichuma chai. Nilimjua Ombati kwa mgongo wangu kuliko kwa macho. Nilijua uzito wake akiwa macho na uzito wake akisinzia, na mahali shavu lake lilipolala, katikati ya mabega yangu. Hata alipoanza kukimbia mwenyewe, akichoka alinijia kwa nyuma na kunivuta gauni. Basi homa ilipomshika msimu ule wa mvua ndefu, hakuna aliyeshtuka. Siku hizo kila homa tuliiita malaria. Baba alinunua vidonge dukani, mama akamkanda kwa kitambaa cha maji, homa ikashuka, ikarudi. Akatapika. Akawa anaficha uso mlango ukifunguliwa, kama anayechapwa na mwanga.

Alasiri ya Ijumaa mama alitaka kufagia nyumba kabla ya Sabato kuingia, akaniambia nimtoe mtoto nje. Niliinama, Nyanya akamweka mgongoni kwangu, na Ombati hakukunjika. Alikaa kama ubao. Kichwa kilivutwa nyuma, mbali nami, na nilipojaribu kuikaza leso alitoa mlio ambao sikujua kwamba mwanadamu anaweza kuutoa. Nikasema, "Nyanya, hakunji shingo."

Nyanya alimshusha, akampapasa kisogo. Kisha alimwendea baba, aliyekuwa akipiga pasi ya makaa shati lake la kanisani, kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa na kazi zote zilipaswa kwisha kabla jua halijatua. Alimwambia kwamba mtoto wa dada yake alikaza shingo namna ile ile, na wakamzika.

"Tumwombee, mama," baba alisema. "Kesho tukitoka kanisani, kama hajapata nafuu, nitampeleka."

"Isaya," Nyanya akamjibu, "kwani Mungu haendi hospitali siku ya Sabato?"

Baba aliiweka pasi chini. Sijapata kumwona akikimbia kabla ya siku ile wala baada yake. Lori la kukusanya majani lilikuwa bado kwenye kituo cha kununulia chai, na dereva hakuuliza maswali mengi. Mama alipanda akaketi juu ya magunia ya majani mabichi, Ombati mapajani, baba amesimama juu yao akiwakinga mvua kwa koti.

Jumapili baba alirudi kuchukua uji wa wimbi na nguo, akanichukua na mimi. Sikuwa nimewahi kuona hospitali. Ombati alikuwa amelala ubavu, sindano mkononi, midomo imepasuka. Mama alitusimulia kwa kunong'ona jinsi walivyomkunja wakamchoma uti wa mgongo, maji yakatoka, na badala ya kuwa maangavu kama maji ya mto yalikuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele. Daktari alikuja akaongea na baba kwa Kiswahili, nami kwa Kiswahili changu cha shule nikasikia kila neno. "Mzee, hii ni homa ya uti wa mgongo. Dawa ipo na inafanya kazi. Lakini ugonjwa ulianza kazi kabla yetu. Akiwahishwa mtoto, hupona vizuri. Akichelewa, hata akipona, huenda ugonjwa ukaondoka na kitu chake." Baba alisimama akiizungusha kofia mikononi. Hakuuliza ni kitu gani. Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na msichana mdogo aliyeletwa baada yetu, akiwa hajitambui. Tulipokula tukarudi wodini, kitanda kile kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Ombati alichomwa sindano mchana na usiku kwa majuma kadhaa, nasi nyumbani tukasali asubuhi na jioni. Akarudi. Alikuwa mwembamba na aliyumba kama ndama aliyezaliwa jana, lakini alikuwa hai, akitabasamu, na mama aliimba njia nzima kutoka barabarani. Ila alirudi na tabia mpya. Ukimwita haji. Ukimwuliza, anakutazama mdomo. Mjomba alitania, "Amekula mkate mweupe wa hospitali mpaka amesahau jina lake! Mpeni wimbi, atalikumbuka." Tulicheka. Baba hakucheka kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa nidhamu, na alianza kuogopa kwamba wauguzi wamemdekeza mtoto wake. Jioni moja alimwita mara tatu, Ombati akaendelea kuchora chini kwa kijiti. Baba akakata fimbo, akaichomeka juu ya boriti. Alisema atamvumilia mpaka ipite siku ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwake.

Siku ya shukrani ilikuwa Jumapili, washiriki wakajaa nyumbani kwetu. Kulikuwa na matoke na kuku, na mchungaji aliombwa abariki chakula. Tuliinama. Ombati aliketi sakafuni katikati yetu, akiunda gari la mashina ya migomba, akiupa mlango mgongo. Mchungaji alipofika mahali pa kumshukuru Mungu kwa kumrudisha mtoto mzima, punje za kwanza zikagonga mabati. Mara mbingu ikafunguka. Watoto wachanga walilia bila sauti, vinywa vimeachama. Watu wazima waliziba masikio. Mimi nilifumbua macho kumtazama Ombati, nione anavyoanza kukimbia. Hakuinua kichwa. Alichomeka gurudumu, akalizungusha kwa kidole, akalichomoa, akalichomeka tena.

Nilimvuta mama nikamwonyesha. Mama akatazama, akamshika baba. Nikaona nyuso zikigeuka moja baada ya nyingine, mchungaji naye, mpaka nyumba nzima ikawa inamtazama mtoto mmoja, na juu yetu kelele ile. Mvua ilipopungua, Nyanya alichukua sufuria na mwiko, akasimama nyuma yake, akapiga kwa nguvu zake zote. Tulishtuka sote. Ombati akalisukuma gari lake. Baba alinyanyua mkono, akaitoa ile fimbo kwenye boriti, akaivunja vipande vidogo vidogo, machozi yakimtiririka mbele ya washiriki wote.

Hospitali walisema masikio yalikufa kwa ugonjwa, hayatarudi. Lakini muuguzi mmoja alimwambia mama jambo ambalo namshukuru Mungu hakulipuuza: mtoto huyu alishajua kusema, na asipozungumziwa usoni atasahau. Ilikuwa kweli, na iliumiza kuitazama. Maneno yake yalianza kukatika miisho, sauti ikapanda kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, kisha neno zima likapotea. Asubuhi moja alitaka maji akaonyesha mtungi kwa kidole. Mama alisimama na kikombe mkononi kana kwamba amepigwa. Tangu siku hiyo kila jioni alimpakata, akauweka mkono wa mtoto kooni mwake, akataja maji, moto, ng'ombe, amagena, na akaimba nyimbo za Sabato ili azishike kwa vidole. Mimi nami niliacha kumbeba mgongoni. Mgongo wangu haukuwa na mdomo. Nilimfunga kifuani, miguu yake ikining'inia mpaka magotini kwangu, nikatembea nikimtajia kila tulichokiona. Wasichana kisimani walikufa kwa kicheko. "Kerubo, umejifungua lini? Mtoto ameota meno tumboni!" Nilimgeuzia uso Ombati nikamtajia majina yao, mmoja mmoja, naye akayarudia kwa sauti yake nzito, wakanyamaza.

Hakuyahifadhi maneno yote. Aliyoyahifadhi yalimfikisha shule ya viziwi, akawa seremala, na viti vya kanisa letu ni kazi yake. Mwaka jana mjukuu wangu Kwamboka, anayekaa na wazazi wake Kiogoro, alishikwa na homa asubuhi na kukaza shingo. Kabla ya saa sita mchana alikuwa wodini, dawa ikiingia. Hawakumruhusu kurudi nyumbani mpaka walipompima masikio kwa mashine ndogo. Nililia pale pale, na muuguzi, binti mdogo sana, akaniuliza, "Nyanya, mbona unalia? Anasikia." Watoto wa siku hizi wanachanjwa hata kabla hawajaota jino, na wazazi wao hulalamika foleni ni ndefu.

Mwezi uliopita Kwamboka alikuja kututembelea, naye Ombati alikuwa ameketi kwangu akinywa chai. Mvua ya mawe ikaanza. Macho yangu yakamkimbilia mtoto. Kwamboka aliziba masikio yote mawili, akaja akilia kujificha kwenye gauni langu. Sijapata kufurahia kilio namna ile. Ombati alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaweka kikombe chini. Aliegemeza kiganja kwenye ukuta uliokuwa ukitetemeka kwa mvua, akakiacha pale.

"Amagena," akasema, akacheka.