Kupokezana Mtoto na Mama Mkwe

Mwanangu alizaliwa mimba ikiwa ya miezi sita na kidogo, gramu mia tisa, akapewa mrija puani. Mke wangu alilazwa jengo la pili kwa presha, hajijui. Kumbeba mtoto njiti yule kifuani, ngozi kwa ngozi, tukabaki wawili: mama mkwe, aliyekuja kwa boti kutoka Kagunga, na mimi niliyempokea zamu kila mchana.

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Siku ya sita uzito ulikuwa palepale, nikaanza kumchunguza yule mama. Kwa nini kila nikiingia ameshatokea mlango wa nyuma, mtoto kaachwa kitandani ndani ya khanga? Kichupa kile kikapuni mwake kina nini? Alipokwenda kufua nilikifungua. Mawese ya kupikia. Nikanusa tena, sikuridhika. Moyoni nilishaamua kwamba ameshamkatia tamaa mjukuu wake, anangoja tu azikwe arudi kwao.

Muuguzi akaniambia joto la mtoto linashuka kila mchana tunapopokezana. Haraka nikamtaja mama mkwe.

"Na wewe wakati huo unakuwa wapi?" aliuliza.

Nilikuwa koridoni. Kwetu mtu hakai kifua wazi mbele ya mkwewe, si mimi wala yeye. Hata njiani tunapishana kwa mbali. Kwa hiyo kila siku nilingoja mpaka khanga yake ipite geti, kisha nikangoja tena kidogo, tusije tukakutana. Heshima hiyo. Muuguzi alikuwa na njiti wengine saba, na wangu alilala peke yake akipoa kama nusu saa. Niliona aibu, nikaona na hasira, na zote zilikuwa zangu mwenyewe.

Kesho yake sikungoja. Niliingia akiwa bado amembeba. Alivuta khanga ajifunike, akasita. Muuguzi alikuwa ameshasema naye pia.

"Shikamoo, mama," nilisema, macho chini.

"Marahaba. Kumbe unamtaka," alisema. "Siku zote hizi nakuona umejificha kule koridoni, nikajua unangoja afe."

Mikono yake ilikuwa tayari inafungua fundo la khanga.

"Vua shati, baba. Anapoa."

Nikavua.