Fundi Nafasi na Kichwa cha Binti Yake

Mtaani walimwita Fundi Nafasi, kwa sababu suti yake haikuwahi kumbana mtu. Uende umekonda, urudi umenenepa, itakupokea tu. Wateja walinung'unika, yeye wala. Mwenye suti ya kubana, alisema, hujutia kwenye kukaa.

Basi huyu ndiye Mungu aliyempa binti ambaye mifupa ya fuvu lake ilishikana kabla ya wakati. Ubongo unataka kukua, fuvu limegoma. Mtoto akiwa na miezi mitano akapasuliwa. Madaktari, kwa alivyoelewa Fundi, walifumua palipofungana wakaacha upenyo. Wakaonya pia kwamba mara nyingine mifupa hushikana tena, na hapo ni kurudi kwenye kisu.

Kwa hiyo kila Jumapili baada ya chai Fundi alipima kichwa cha binti yake, akaandika kwenye daftari la oda, katikati ya viuno vya watu. Kliniki alikuwa anakwenda mama mtoto. Fundi alisema kazi zimembana. Uongo mtupu, alikuwa anaogopa.

Mwaka ulipotimia tangu upasuaji, mkewe akamburuta hadi kliniki. Nesi akazungusha tepu, akasema, "Arobaini na sita."

Fundi akafungua daftari. Jumapili iliyopita aliandika arobaini na nane.

"Kimesinyaa!" Akajikuta amekalia mizani ya watoto wachanga. "Mama watoto, kimefunga tena. Wanamkata tena mwanangu."

Mkewe akamvutia mtoto kifuani. Akaitwa daktari, mama mtu mzima asiye na haraka. "Kichwa cha mtoto hakisinyai, baba. Hebu pima wewe nione."

Fundi akazungusha tepu yake, na kama alivyomfanyia kila mteja kwa miaka ishirini, akachomeka vidole viwili chini yake.

"Hivyo vidole vinatafuta nini huko?"

"Nafasi ya kupumua, daktari."

Nesi akatoka nje akacheke huko. Mkewe hakutoka. "Mwanaume wewe! Uniue kwa presha kwa ajili ya vidole?"

Daktari akafungua kadi ya kliniki. Arobaini na mbili kabla ya kupasuliwa, arobaini na sita leo, na kila mwezi kimepanda kidogo. "Mifupa imekubali. Hakatwi mtu hapa. Haya, toa vidole, ukaze tepu upime sawasawa."

Fundi akavitoa. Akashika tepu, akasimama vivyo hivyo. Mtoto alikuwa anatafuna ncha iliyoning'inia.

"Kaza, baba."

"Siwezi," akasema, na machozi yakamtoka mbele za watu. "Hiki kichwa kimeshabanwa vya kutosha."

Hakuna aliyecheka. Mkewe akamshika mikono, wakakaza pamoja polepole mpaka tepu ikalala kwenye nywele. Arobaini na sita.